Hamu ya Sifongo

Asubuhi ile Mzee Komba alimsalimia Mama Gaudensi kwa adabu, na Mama Gaudensi akaogopa.

"Habari za asubuhi, mama," alisema Mzee Komba, akainamisha kichwa. "Umeamkaje? Natumaini umelala salama."

Kisha akapita zake, akaenda kuketi kwenye benchi la ukutani, mahali ambapo jua la Iringa hufika mapema. Mama Gaudensi alishusha mapajani kikapu cha nyasi za milulu alichokuwa anasuka. Alimtazama yule mzee, kisha akamgeukia binti yake aliyekuwa anampaka dawa kwenye vidonda vya mdomo.

"Tuli, yule mtu amekufa lini?"

"Jamani, mama. Mzee Komba ni mzima. Anaendelea vizuri kuliko wote humu wodini."

"Mngoni ananisalimia mimi, Mhehe, kama padri anavyowasalimia masista, halafu unaniambia ni mzima?"

Tulinave alifunika kichupa cha dawa, akakitia kwenye mfuko wa gauni lake jeupe. Pale kituoni yeye alikuwa nesi wa madhara. Dawa yenyewe ya saratani ilikuwa na watu wake. Kazi yake Tulinave ilikuwa kushughulikia kile ambacho dawa huacha nyuma: vinywa vilivyochubuka, vidole vilivyokufa ganzi, nyayo zisizovumilia baridi, chakula kisichokaa tumboni. Na mvuto, hamu inayokuja na dawa. Siku nne zilizopita alimwanzishia Mzee Komba kidonge cha kutuliza mvuto, na jana jioni alimwandikia neno moja kwa furaha: "Ametulia."

Sasa aliukumbuka utulivu huo, akaukuta si ule aliodhani.

Tangu wagonjwa hawa wawili walipolazwa wodi moja, hapakuwa na asubuhi iliyopita kimya. Mzee Komba alikuwa anaanza akiwa bado mlangoni. "Mhehe, bado upo? Nilidhani umeshamfuata yule mbwa wa mlinzi na sufuria." Na Mama Gaudensi, bila kuinua macho kutoka kwenye kikapu: "Mngoni, funga mdomo, mkia wa panya unaning'inia." Wodi nzima ilicheka, hata wenye vidonda mdomoni, walicheka wameshika mashavu. Wahehe na Wangoni walipigana zamani hadi wakachoka, na walipochoka wakawa watani, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukutukana. Anaweza kushika kitu chako, nawe usimnyang'anye mpaka ukikomboe kwa jogoo. Msibani kwako anaweza kulala mlangoni akazuia jeneza lisitoke.

Jambo moja tu mtani haliwezi. Hawezi kukusalimia kama mgeni.

*

Malori ya maji ya bahari yalifika kituoni kila siku saa ya chai. Yalipanda kutoka Lindi yamebeba matangi marefu ya fedha, na harufu yao ilitangulia getini kabla ya honi. Kituo kilijengwa juu mlimani kwa sababu sifongo, wale wanyama wa baharini wa kutengenezea dawa, walitoka kilindini, kwenye maji ya giza na baridi, na baridi ya Iringa ilifanya nusu ya kazi ya mitambo.

Kila mgonjwa alikuwa na sifongo wake. Walikata kipande kidogo cha uvimbe kutoka mwilini, wakakipandikiza kwenye sifongo mchanga, wakamwacha tangini. Sifongo hana meno wala miguu ya kukimbilia. Silaha yake ni sumu tu, na akivamiwa na kitu kigeni hutengeneza sumu ya kukiua kitu hichohicho. Ndiyo waliyoikamua, wakaisafisha, wakaitia kwenye dripu ya mwenye uvimbe. Watu waliokuja wamebebwa walirudi makwao wanatembea.

Lakini sumu haikuja peke yake. Mtoto wa sifongo huogelea mara moja tu maishani, akitafuta mwamba wa kujishika. Akishaupata hatembei tena mpaka kufa. Mwili wake unajua kutamani jambo hilo moja, na kutamani huko kulivuja pamoja na dawa, kukaingia damuni mwa watu. Wanasayansi walijitahidi kuichuja hamu hiyo, wakashindwa. Huo ndio mvuto. Mkulima wa viazi kutoka Njombe ambaye hajawahi kuiona bahari aliamka akiililia kwa machozi. Kijana mmoja alifungiwa chumbani kwa usalama wake, akaugonga mlango kwa kichwa mpaka walipoufungua. Tangu hapo milango haikufungwa tena.

Siku hiyo, lori lilipokuwa linashusha maji, dereva alipiga honi tatu fupi za kuita msaada. Tulinave alikimbia. Alimkuta mama yake amesimama kwenye ukungu na gauni la wodini, kitambaa kimeanguka kutoka kwenye kichwa kisicho na nywele, miguuni raba zake nyekundu. Shavu alikuwa amelilaza kwenye tangi la lori.

"Mama, baridi hii itakuua."

"Sikiliza, Tuli. Weka sikio hapa." Mama alitabasamu kama mtu aliyefika. "Maji haya yanamjua."

Tulinave hakuhitaji kuuliza ni nani. Raba zile zilinunuliwa na kaka yake, Gaudensi, kwa mshahara wake wa kwanza. Gaudensi alikuwa mzamiaji. Kampuni ilimteremsha kilindini mbele ya Lindi kutafuta sifongo wakubwa wa mbegu, na siku moja kamba ilipanda bila yeye. Hawakumpata. Kaburi walilochimba nyumbani Kilolo waliweka ndani yake koti lake na mgomba mchanga badala ya mwili.

Alimshika mama mabega, akamrudisha ndani polepole. Nyuma yao dereva aliendelea kushusha maji, ameangalia pembeni kwa heshima.

*

Daktari Mwakalinga alikuwa mama wa makamo mwenye macho ya kukosa usingizi. Hakufoka. Ingekuwa rahisi kama angefoka.

"Kinga yake ya mwili iko chini sana, nesi. Akinyeshewa mara moja tu, homa ya mapafu itamaliza kazi ambayo saratani imeshindwa. Na keshokutwa ni dozi ya mwisho, ile kubwa. Mvuto utakuja maradufu."

"Najua, daktari."

"Basi ama anywe kitulizo, ama dozi hiyo nisimpe. Na nisipompa, uvimbe utarudi. Hilo nalo unalijua."

"Amekataa kitulizo. Mara mbili."

"Mtu aliye kwenye mvuto si yeye anayesema. Anayesema ni sifongo." Daktari alichukua kidonge kimoja cheupe kwenye boksi, akakiweka kwenye kiganja cha Tulinave, akamkunja vidole taratibu. "Wewe ndiye mtoto aliyebaki. Ukisema ndiyo, sheria inatosheka."

Kidonge kilikuwa chepesi. Alikaa nacho mfukoni mchana kutwa, na kila alipoinama kumhudumia mgonjwa alihisi kama kinamgusa paja.

*

Jioni mama aliomba kupelekwa kumwona sifongo wake. Chumba cha matangi kilikuwa na mwanga hafifu wa buluu. Sifongo wa Mama Gaudensi alikuwa kwenye tangi la dirishani, rangi ya papai lililoiva, ana matundu madogo yaliyopumua maji bila haraka.

"Hana macho," mama alisema. "Hana mdomo. Anatamani nini huyu?"

Tulinave alimweleza habari za kule kuogelea mara moja na kutafuta mwamba. Mama alisikiliza ameegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Masikini. Kumbe anatafuta pa kushika."

"Ndiyo, mama. Kwa hiyo hamu hii si yako. Ni ya huyu hapa. Kidonge kinaizima tu, wewe unabaki wewe."

"Ya bahari, sawa, labda ni ya huyu. Na hii ya Gaudensi?"

Tulinave alitazama maji.

"Nakuuliza, nesi. Kidonge chako kinajua ipi ni ya sifongo na ipi ni yangu?"

"Hakijui, mama."

"Mimi pia sijui. Nikiamka usiku nataka maji, na ndani ya maji nataka mwanangu. Zimesukwa pamoja kama milulu. Chomoa unyasi mmoja, uone kama una kikapu."

"Lakini hutamsahau. Mzee Komba anamkumbuka mke wake vizuri kabisa. Nimemuuliza."

"Anamkumbuka." Mama aliinua uso kutoka kwenye kioo. "Je, ana hamu naye?"

Maji yalizunguka tangini. Tulinave alitaka kusema kwamba hata yeye ana hamu na Gaudensi, kwamba bado huwa anapiga hatua mbili upande huo akisikia mtu anapiga mluzi kama wake, na kwamba hawezi kumpoteza mama kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa mtu wa aibu tangu utotoni. Maneno makubwa humjaa kifuani, yakakosa mlango.

"Twende, mama," alisema. "Sakafu ya humu ina baridi."

*

Kesho yake alipika uji wa ulezi mwenyewe, kwenye jiko la manesi. Alikisaga kidonge kati ya vijiko viwili, akakinyunyiza, akakoroga. Uji haukubadilika rangi. Alisimama akauangalia, na mkono wake ulikuwa mtulivu, jambo lililomshangaza.

Njiani kuelekea wodini alimkuta Mzee Komba kwenye benchi lake, mikono juu ya magoti, viatu vyake vikubwa vya ngozi vimepangwa sawasawa mbele yake.

"Mzee, naomba kukuuliza. Marehemu mkeo, Mama Ansila, umemkumbuka leo?"

"Ndiyo. Alikuwa mwanamke mrefu. Alipika vizuri. Alifariki kipindi cha masika."

"Una hamu naye?"

Mzee Komba alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa njia.

"Najua kwamba nilikuwa na hamu naye," alisema. "Ni kama kujua kwamba Songea iko kusini."

"Inakuuma?"

"Haiumi. Ninalala vizuri. Umenitibu, mwanangu, nakushukuru."

Aliisema shukrani hiyo bila kumwangalia. Tulinave alirudi jikoni, akaumwaga uji kwenye karo, akafungulia maji mpaka bakuli likawa safi.

Akiwa bado ameshika ukingo wa karo alikumbuka msiba wa baba yake. Alikuwa binti mdogo. Mama alitaka kuliendea kaburi, kujitupa, na shangazi zake wote walilia tu wakamshika kanga, kanga ikabaki mikononi mwao. Aliyemzuia alikuwa mwanamke wa Kingoni, mtani, ambaye hata jina lake hakuna aliyelishika. Alimvua mama viatu katikati ya watu, akavivaa kichwani kama pembe, akacheza mbele ya jeneza akisema marehemu amekimbia mapishi ya Kihehe. Mama alisimama. Alicheka na kulia kwa pumzi moja. Kisha akaketi chini, akabaki hai.

Mtoto hamvui mama yake viatu. Hata nesi hawezi. Lakini yuko anayeweza.

Alirudi kwenye benchi.

"Mzee Komba, kwa nini humtanii tena mama yangu?"

"Sina hamu."

"Kwani utani ni hamu?"

Kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa uso wa mzee ulionyesha kwamba anafikiri kwa bidii. "Hapana," alisema mwishowe. "Utani ni haki. Babu yangu aliwatania Wahehe akiwa na jino linauma. Ni haki, na ni wajibu."

"Basi naomba wajibu wako. Kesho anapata dozi ya mwisho bila kitulizo. Mvuto wa nje wewe huusikii. Kaa mlangoni, ushike viatu vyake."

"Sitachekesha, mwanangu. Sina kitu ndani."

"Usichekeshe, Mzee. Uwepo tu."

Daktari Mwakalinga aliposikia mpango huo alivua miwani, akaisugua kwa muda. "Mtani," alisema. "Mlangoni." Kisha: "Nikikuta kitanda kitupu, nesi, sitakuwa na neno la kukutetea." Lakini dozi aliiandika.

*

Dripu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Iliingia asubuhi, na chai ilipoletwa wodini Mama Gaudensi alikuwa amelowa jasho, macho yake yako dirishani. Tulinave alimfuta uso. Mwambao ule ambao mama hajawahi kuuona ulikuwa umeshaingia chumbani. Ulionekana usoni mwake.

Honi ya lori ililia getini.

"Gaudensi yuko nje," mama alisema, akashusha miguu. "Tuli, nipe viatu vyangu."

"Sina, mama."

Nyayo zake ziligusa sakafu, akavuta pumzi kwa meno. Dawa ilikuwa imemgeuzia baridi kuwa misumari. Hata hivyo alisimama, akapiga hatua, akapiga nyingine, amenyoosha mkono mbele kama mtu anayepita majini. Mlangoni Mzee Komba alikuwa ameketi juu ya kigoda. Raba nyekundu alikuwa amezivaa mikononi.

"Viatu hivi vimeshikwa," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mkutano. "Mwenye viatu ni Mhehe. Wahehe wanajulikana kwa kula mbwa. Kwa hiyo nimevishika, visije vikabweka usiku."

Kwenye kitanda cha pembeni mtu alicheka, akashika shavu lake.

"Mngoni, nipishe. Mwanangu ananiita."

"Atangoja."

"Nipishe, nakuomba. Leo siyo utani."

"Mtoto akuone miguu mitupu? Atauliza, mama, viatu nilivyokununulia viko wapi. Utamjibu nini?"

Mama Gaudensi alisimama akayumba. Nje maji yalianza kushuka, mngurumo mrefu uliopita ukutani na kumwingia mwilini, na Tulinave aliona jinsi mwili wote wa mama ulivyoinama kuufuata. Alitaka kumkumbatia. Alijizuia kwa kushika reli ya kitanda.

"Nitamwambia," mama alisema, "nitamwambia vimeliwa na Mngoni. Panya walikuwa wamemwishia."

Mzee Komba hakucheka. Alizigonganisha raba mara moja, kama anayekubali hoja. "Mwambie pia havikuwa na chumvi."

Sauti iliyomtoka mama haikuwa kicheko wala kilio. Akaketi palepale sakafuni, akakishika kigoda mguu wake mmoja kwa mikono miwili. Akamlilia Gaudensi. Alimlilia kwa jina, kwa jina la utoto, kwa jinsi alivyokuwa anapiga mluzi akipanda kilima cha nyumbani, kwa maji yasiyorudisha mtu. Tulinave alileta blanketi, akamfunika miguu, akaketi naye, na safari hii maneno yalipata mlango. "Mimi pia, mama," alisema. "Mimi pia nina hamu naye." Walikaa hivyo mpaka lori likamaliza kushusha, likawasha injini na kuteremka mlima.

Mikono ya mama ilibaki imeshika kigoda. Juu yao Mzee Komba alikaa wima, raba mikononi, hakusogea hata kidogo, asije akakitikisa.

*

Jioni Tulinave alipita na trei ya dawa. Mama alikuwa amelala ubavu, amechoka, hana homa. Mzee Komba alikitazama kidonge cheupe kwenye kikombe chake bila kukigusa.

"Mama yako alipolia," alisema, "nilijua kwamba hapo palikuwa na kitu cha kusikia moyoni. Nikakitafuta mahali ninapomwekaga Mama Ansila. Nilipakuta pamefagiwa." Alisukuma kikombe nyuma. "Leo usinipe."

"Mvuto utarudi, Mzee. Na yeye atarudi pamoja nao. Itauma."

"Mtu hawezi kulinda mlango wa kitu ambacho hakijui."

"Nitamweleza daktari. Lakini ukishikwa, nani atakaa mlangoni?"

"Mleteni kwangu," sauti ilitoka kitanda cha pili. Macho ya Mama Gaudensi yalikuwa yamefumba. "Viatu vyake vileteni kwangu. Na raba zangu azirudishe, nizikomboe kwa jogoo nikitoka. Jogoo mzima, siyo kifaranga cha Kingoni."

Mzee Komba aliinama, akafungua kamba za viatu vyake vya ngozi, kimoja baada ya kingine. Akavichukua pamoja na raba nyekundu, akavuka wodi miguu mitupu juu ya sakafu ile ya baridi, anakanyaga kama mtu apitaye shambani kwenye mbigili. Akavipanga vyote chini ya kitanda cha Mama Gaudensi.

"Mngoni," alisema mama bila kufumbua macho, "viatu vyako vinanuka panya."

Mzee alisimama. Wodi nzima ilisubiri. Tulinave alisubiri na trei mkononi. Aliuona uso wa mzee ukitafuta, kama mtu anayepapasa mfuko wa koti la zamani, akijua kabisa aliacha kitu humo.

"Ngoja," alisema Mzee Komba. "Inakuja."